Snay bin Amir Al-Harthy: muuza halua aliyeusimamisha mji wa Kazeh

Huku kwetu Al Mintirib, mzee akisema fulani alikwenda bara, hahitaji kuongeza neno. Pwani ni Unguja, Pemba, Mombasa na Mrima wote. Bara ni Tabora na kupita. Katika majumba ya Bidiya, Al Qabil, Al Mudhayrib na Ibra hazikosekani khabari za mtu aliyeteremka Sur, akapanda chombo na upepo wa kaskazi mpaka Unguja, halafu akavuka Mrima, na tokea hapo jamaa zake wakabaki kungojea barua. Ukiwauliza vijana wetu ni nani waliotangulia katika njia ile, watakutajia Tippu Tip, na baada ya Tippu Tip wananyamaza. Ni haki yake kutajwa. Lakini Hamed bin Muhammed alipofika Tabora angali kijana, amefuatana na baba yake, aliukuta mji umeshasimama, visima vimeshachimbwa na bustani zinazaa. Leo nataka kumweleza mmoja kati ya watu wawili waliousimamisha, Snay bin Amir Al-Harthy, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Amesahauliwa kwa sababu nyepesi. Tippu Tip alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maelezo yake yakachapwa na kufasiriwa. Snay hakuacha kitabu. Tunayoyajua juu yake mengi yametoka katika kalamu za wageni wawili wa Kiingereza aliowakaribisha kwake, Richard Burton na John Hanning Speke. Burton alikuwa mtu wa ulimi mchungu. Ukisoma kitabu alichokitoa 1860 juu ya safari ile utakuta karibu kila mtu kapata fungu lake la matusi: Waswahili, Wahindi, Wabaluchi waliomlinda, hata Speke mwenziwe. Akifika kwa Snay kalamu inalainika. Anamweleza kuwa ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye mifupa mikubwa. Msomaji, mwenye kumbukumbu kali na kipaji cha lugha. Shujaa, mwaminifu, mtu ambaye ukimpata rafiki umepata. Mimi mtu mkali wa maneno akimsifu mtu, namsadiki kuliko yule anayemsifu kila mtu.

Al-Harthi ni watu wa Sharqiyah hii hii. Kutoka hapa Al Mintirib ukishika njia ya Ibra unaipita miji yao mmoja baada ya mwengine, na safari yote haimalizi saa. Afrika Mashariki wamekuwako tokea zamani sana, na mambo yao na watawala wa Unguja hayakuwa shwari siku zote. Mwaka 1859, Sayyid Barghash alipomwinukia nduguye Sayyid Majid, Al-Harthi walikuwa upande wa Barghash, na fitina ile ilikwisha kwa Barghash kupelekwa Bombay. Snay wakati huo alikuwa mbali, miezi ya mwendo kutoka baharini. Lakini naona tukilikumbuka jambo hili tunafahamu vizuri zaidi kwa nini Mharthi wa zama zile aliona nafasi yake ipo kule ambako mkono wa sultani ulifika kwa taabu. Bara hakukuwa na liwali wala forodha. Kulikuwa na watemi wenye nchi zao, na mgeni alipaswa kusikilizana nao mmoja mmoja.

Maisha yake ya kazi aliyaanza Maskati, akiuza vitu vitamu. Burton hasemi ni vitamu gani, lakini muuza tamu wa Maskati si mtu wa kutuhangaisha: naamini kabisa alikuwa mtu wa halua. Anayeijua kazi ile anajua inavyomjenga mtu. Sufuria kubwa la shaba linakaa juu ya moto kwa masaa, na mwenye mwiko hawezi kuondoka hata kidogo. Akizembea, wanga unashika chini na samli, sukari na zaafarani vyote vimepotea. Ni kazi ya subira na ya mkono wenye nguvu, na faida yake ni ndogo ndogo. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1840 aliiacha, akasafiri, akaingia bara. Baada ya miaka kama kumi na sita Burton anamkuta ni mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika Afrika Mashariki yote. Neno hilo la pili nitalirudia, maana makala ya sifa tupu tunazo za kutosha.

Njia aliyoifuata kwanza haikuwa yake. Wanyamwezi wenyewe ndio waliokuwa wakiteremka pwani na pembe zao kabla Mmanga hajawaza kwenda kwao. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru mwenye ujira wake, na kijana wa kule hakuhesabika mtu mzima barabara mpaka awe ameiona bahari. Wazee wetu walipanda bara nyuma ya watu hao, kwa njia za watu hao, wakiongozwa na viongozi wa misafara wa watu hao. Mali ya kupandia ilikuwa ya mkopo, mara nyingi kutoka kwa Wahindi wa Unguja: merikani, kaniki, ushanga, masango ya shaba. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ni kiasi cha kilomita 800. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba. Miezi minne na zaidi, pamoja na homa, hongo za Ugogo na wapagazi waliotoroka. Mfanyabiashara alikwenda hivyo hivyo, na akifika alijua deni lake Unguja linaendelea kukua wakati yeye anangojea pembe.

Ndiyo maana mji ulihitajika. Mtu hawezi kwenda na kurudi miezi minne kwa frasila chache za pembe. Lazima pawe na mahali pa kuweka bidhaa, pa kuwapokea wanaotoka Ujiji na Karagwe, pa kungojea mvua ipite. Waswahili wa Mrima walikuwa na kituo chao Msene, upande wa magharibi, na hawakupendana na Waarabu wa Unyanyembe. Maduka yao yalikuwa mbali mbali na salamu zao zilikuwa za juu juu. (Wanaodhani ugomvi wa Mmanga na mtu wa pwani ulianza na siasa za miaka ya 1950, waanze kuhesabu tokea Msene.) Kiasi cha mwaka 1852, Snay pamoja na Musa Mzuri walihamia mahali palipoitwa Kazeh. Musa alikuwa Khoja wa Surat, naye aliingia bara na kaka yake mkubwa kabla ya Waarabu wengi, mnamo mwaka 1825. Hapo Kazeh palikuwa pori tupu. Wakajenga, wakachimba visima, watu wakawafuata.

Natulia kidogo kwenye visima. Sisi wa Bidiya tunakaa kwenye ukingo wa mchanga. Nyuma ya mitende yetu kuna bahari ya mchanga isiyo na tone, na kila mtoto hapa anajua kwamba mji ni maji kwanza. Babu zetu hawakuuliza ardhi ni ya nani mpaka wameuliza falaji ni ya nani. Mtu aliyekulia katika nchi za falaji akifika mahali pakavu, jicho lake linatafuta maji chini ya ardhi bila ya yeye kujiambia. Burton anazitaja nyumba na visima pamoja, na mimi nikisoma naona mkono wa Sharqiyah.

Nyumba zao zilikuwa tembe, nyumba za bara zenye paa bapa la udongo, ila wao walizipanua: uwanja katikati, ghala, nafasi za wanawake, za wageni, za watumwa, na kuta nene za kujilinda. Walipanda vitunguu, ngano, mpunga na matunda. Matajiri walikuwa na punda wa kupanda walioletwa kutoka Unguja, na hata maskini wao alikuwa na mbuzi na ng'ombe. Waarabu waliokaa hapo kwa wakati mmoja hawakuzidi ishirini na tano au karibu yake, na msimu wa safari wakabaki wachache tu. Huo ndio uliokuwa mji wote wa Wamanga wa Kazeh: wachache kuliko watu wanaohudhuria harusi moja hapa kwetu. Waliobaki, waliolima, waliopika, waliojenga, waliobeba bunduki, walikuwa Wanyamwezi na watu wa makabila mengine, wengine huru na wengi watumwa.

Walikaa hapo kwa ridhaa ya mtu, na mtu huyo ni Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Fundikira mwenyewe alikuwa mtu wa misafara. Alikuwa njiani kwenda pwani na pembe ndipo alipopata khabari za kufa baba yake, akageuka, akarudi kutawala. Kwa hiyo mtemi alijua bei ya pwani, na alijua kwamba wageni wenye bidhaa wakikaa kwake nguvu inakaa kwake. Hakuwatoza kwa kila mzigo. Walimpa zawadi na walikuwa majirani. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na kwa ndoa hiyo akawa mtu mwenye sauti katika nchi ile. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka: mwenye nchi ni mtemi, mgeni ni mgeni, hata akiwa mgeni mwenye bustani na visima.

Snay hakukaa kitako. Alifika Karagwe, na akaenda mpaka Buganda, kwenye kibuga cha Kabaka Suna, mnamo 1852. Yale aliyoyaona huko, utawala wa Suna, barabara zake, ukali wa hukumu zake, Burton aliyaandika kwa kumsikiliza yeye, maana Burton mwenyewe hakukanyaga Buganda. Wasomaji wa London walioisoma Buganda mwaka 1860 waliisoma kwa macho ya Mharthi, ingawa wengi wao nadhani jina lake liliwapita.

Tufike sasa kwenye ugeni wa Waingereza. Walipoingia Kazeh, Musa Mzuri alikuwa safarini Karagwe, na Snay ndiye aliyesimama mahali pake. Akawapokea, akawapa nyumba, akawatunzia mizigo, akawatafutia wapagazi. Burton alikuwa anasema Kiarabu vizuri, kwa hiyo mazungumzo ya usiku yalikuwa marefu. Speke hakukijua, akabaki pembeni, na kutoka hapo chuki yao ilipata kuni zaidi. Mezani palikuwa na swali kubwa. Ulaya wakati ule ilikuwa na ramani iliyochora bahari moja kubwa katikati ya Afrika, ndefu na nene kama konokono asiye na nyumba. Snay akawaeleza kwamba si bahari moja. Yako maziwa matatu: la Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na la tatu kaskazini, la Ukerewe, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji.

Hii si khabari ndogo. Walikwenda Ujiji kwanza, wakafika Februari 1858, wakarudi Kazeh mwezi wa Juni. Burton alikuwa mgonjwa na alipenda kukaa na Snay kuandika maneno ya lugha za bara. Speke akachukua njia ya kaskazini ile aliyoielezwa, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akasimama mbele ya ziwa, akalipa jina la malkia wake, akasema ndicho chanzo cha Nile. Hapo ndipo magomvi ya Burton na Speke yalipolipuka, na vitabu juu ya ugomvi huo vinajaza kabati. Mtu aliyewaambia ziwa lipo, upande gani, na kwamba ni kubwa kuliko lile la Ujiji, alikuwa amekaa Kazeh anapima pembe. Na yeye alilijua kwa sababu Wasukuma, Wazinza, Wanyamwezi na Wahaya walilijua tokea enzi na enzi. Sisemi hivi ili tuwapokonye Waingereza kombe na kumpa Mwarabu. Nasema mlolongo wa maarifa ulikuwa mrefu, na majina yaliyobaki juu ya ramani ni ya mtu wa mwisho kufika.

Nilisema nitarudi kwenye neno watumwa. Watu wa tovuti na vikundi vyetu vya simu tunayo desturi: tukiandika juu ya wazee wa bara tunaandika biashara, dini na lugha, tunaruka hapa. Snay alifanya biashara ya watu. Hakuna njia ya kuliandika hilo likawa jambo jengine. Bustani za Kazeh zililimwa na watumwa, bunduki zake zilibebwa na watumwa, na baadhi ya waliouzwa walifika kwenye mikarafuu ya Unguja na baadhi wakafika huku, kwenye mitende na kwenye vyombo vya lulu. Sheria ya Tanganyika iliufuta utumwa 1922. Ya Oman, 1970. Watu wanaokumbuka wangali hai.

Nyumbani kwetu kuna karatasi ya nasaba, imeandikwa kwa wino mweusi na kunakiliwa mara kadhaa. Majina ya wanaume yanapanda mpaka vizazi ambavyo siwezi kuvithibitisha wala kuvikanusha. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Tabora, akarudi huku mtu mzima baada ya 1970, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, chenye maneno ya Kinyamwezi ndani yake ambayo sisi wajukuu tulidhani ni ya Kiarabu. Mama wa mama yake alikuwa suria. Katika karatasi ile hayumo. Bibi alimjua kwa jina moja tu, jina alilopewa na bwana wake, la kiua, kama walivyopewa wengi. Lake la kwanza lilibaki huko huko. Ninapomsoma Snay bin Amir, namsoma nikijua mimi ni mtu wa pande zote mbili za ukuta wa tembe ile, na nadhani wengi katika nyinyi mnaosoma hapa mko vivyo hivyo, mkiulizana vizuri na mabibi zenu.

Fundikira alikufa mwishoni mwa miaka ya 1850. Akarithiwa na mwanawe Manwa Sera. Kwa khabari alizozichukua Speke, mama wa kijana huyu alikuwa mtumwa, na kwa desturi ya Wanyamwezi wa wakati ule hilo halikumzuia. Mtemi mpya akatazama nchi yake akaona wageni wamenenepa. Akasema mali inayoingia katika nchi ilipiwe kodi. Wafanyabiashara wakakataa, wakisema baba yake hakuwatoza.

Hapa naomba msomaji asikimbie. Manwa Sera alidai nini ambacho sultani wa Unguja hakudai forodhani kila siku? Kila chombo kilichotia nanga Unguja kililipa, na hakuna Mharthi aliyesema sultani ni dhalimu kwa kulipisha ushuru. Lakini Kazeh watu walikuwa wamekaa miaka mingi bila ya kulipa, na kile walichoachiwa na baba kwa ujirani walianza kukiona ni haki yao mbele ya mwana. Wakamwondoa. Wakamweka Mkasiwa, wa ukoo huo huo wa kitemi, aliyekuwa mwepesi kwao. Ndipo mji ulipobadilika. Mpaka siku ile walikuwa wageni wenye mji. Tokea siku ile wakawa watu wanaochagua nani atawale nchi isiyo yao. Mimi, katika yote niliyoyasoma juu ya Wamanga wa bara, sioni siku nzito kuliko hiyo, nzito kuliko vita vyote vya Tippu Tip huko Manyema vilivyokuja baadaye.

Manwa Sera hakukaa kimya. Akaingia msituni na watu wake, akazifunga njia, akawapiga misafara, akawachosha. Bei zikapanda, wapagazi wakaogopa, pembe zikalala. Speke aliporudi mwanzoni mwa 1861, safari hii na Grant, alikutana na Manwa Sera njiani kabla ya kufika, akasikia upande wake: kwamba yeye ni mtemi kwa haki, na wageni wamemtoa katika nyumba ya baba yake. Alipofika Kazeh akausikia upande wa pili kwa Snay. Snay alikuwa sasa mzee, lakini moyo wake ulikuwa umewaka. Alikuwa anaongoza mamia ya watumwa wenye bunduki kumsaka mtemi usiku na mchana. Speke alitaka kuwapatanisha, haikuwezekana. Yule mtu wa kukaa juu ya sufuria kwa masaa bila ya kuchoka, aliyepata kila kitu kwa subira na maneno mazuri, mwisho wake alikuwa na haraka.

Mwaka huo huo wa 1861 Waarabu walikwenda mpaka Ugogo, kwenye nchi ya Khoko, ambako Manwa Sera alikuwa amepata hifadhi. Mwanzo walishinda. Halafu watumwa wao wakatawanyika kuteka ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi ya vita vile, maana askari asiyelipwa hujilipa mwenyewe. Wenyeji wakaona safu imevunjika, wakarudi juu yao. Watu wakakimbia. Waarabu kadhaa waliuawa, na Snay alikuwa miongoni mwao.

Namna alivyokufa Speke ameieleza kama alivyosimuliwa na waliorudi. Snay alijaribu kukimbia na wenzake, miguu ikakataa. Akawaita watumwa wake, akawapa bunduki zake, akawaambia wazichukue ziwe kumbukumbu yake, akalala chini kungojea. Hakuonekana tena. Hakuzikwa na jamaa, na hakuna kaburi la kwenda kuliombea.

Nimelifikiri tukio lile mara nyingi. Watu wa mwisho aliosema nao duniani, walioyachukua maneno yake yakatufikia, walikuwa watumwa wake. Kama wangetaka kumwacha bila ya kusema lolote, ni nani angejua? Walirudi na bunduki, wakasimulia. Majina yao Speke hakuyaandika.

Musa Mzuri naye alifariki Kazeh mwaka huo huo, kwa maradhi. Kwa hiyo waasisi wote wawili waliondoka katika miezi michache. Manwa Sera aliendelea kupigana miaka kadhaa mpaka alipouawa. Mkasiwa alibaki mtemi wa Waarabu, lakini mtemi wa namna hiyo hana watu, na Waarabu walilijua hilo alipotokea Mirambo wa Urambo. Mirambo hakuwa mtu wa kuondolewa na mkutano wa wafanyabiashara. Agosti 1871 aliingia Tabora, akachoma, akawaua baadhi ya wakubwa wake. Stanley alikuwepo, akaona moshi kutoka Kwihara. Stanley huyo huyo anaandika kwamba aliuliza iko wapi Kazeh, na hakuna aliyejua. Miaka kumi tu baada ya Snay, jina la mji wake lilikuwa limeshapotea vinywani, na mahali pote pameshaitwa Tabora. Jina ambalo wenyewe huko hulitolea asili yake kwenye matoborwa, viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa.

Ukoo wa Fundikira haukupotea. Mtemi Abdallah Said Fundikira, wa ukoo ule ule, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika ya Mwalimu Nyerere. Reli ilifika Tabora 1912. Wabelgiji waliuteka mji kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916. Waarabu wa Tabora walibaki, wakaoa, wakaozesha, wakafungua maduka, wakawa watu wa pale, na baadhi yao wakaja huku, na watoto wao leo wanafanya kazi Maskati, Dubai na Doha, na wakipigiwa simu na shangazi zao wanajibu kwa Kiswahili cha Tabora.

Atakayekwenda Tabora ataoneshwa Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe la Livingstone, limefanywa makumbusho. Livingstone alikaa hapo miezi, mgeni, katika mwaka wa 1872. La Snay halipo. Wala mtu wa kukuonesha palipokuwa na kisima chake cha kwanza sidhani utampata, ingawa maji yaliyo chini ni yale yale. Bibi alikuwa akisema kisima cha nyumba yao Tabora kilikuwa cha kale, kimejengewa mawe mdomoni, na maji yake yalikuwa na ladha ya chumvi kidogo, kama ya hapa.